Kilima cha wakubwa wa reli na baiskeli zilizokipanda

Jumapili alfajiri, kabla makondakta hawajaanza kuita abiria, unaweza kusikia cheni ya baiskeli ikibadilisha gia pale Haile Selassie Avenue inapoanza kupanda kutoka upande wa stesheni ya reli. Ni mlima mfupi. Mwenye mapafu mazuri huumaliza kwa dakika chache, akafika mtaa wa Community na kushika Ngong Road kuelekea magharibi. Siku ya kazi mlima huohuo hujaa matatu, magari ya wafanyakazi wa benki na ambulensi zinazokimbilia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na mwenye baiskeli hujibana ukingoni akivuta moshi. Ndiyo maana wapenda barabara tulivu wa Upper Hill, kama kilima hiki kinavyoitwa, huutafuta utulivu kwa saa ya mkononi, wala hawahangaiki na ramani. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kwa zaidi ya nusu karne kilima hiki kilikuwa kimya mchana na usiku, na kimya hicho kilikuwa na wenyewe.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Wahandisi walipapenda hapa kwa sababu palikuwa tambarare, pahali pazuri pa kupangia mabehewa na kujengea karakana kabla ya kuanza kuupanda mwinuko wa Kikuyu hadi ukingo wa Bonde la Ufa. Palifaa mabehewa kuliko watu. Mvua ikinyesha, maji yalituama. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye maduka ya Wahindi, na dawa iliyotumika ikawa kuuteketeza mtaa kwa moto. Wakubwa wa reli hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walijenga nyumba zao kilimani, upande wa magharibi, penye upepo na udongo usiotuamisha maji: bangalo za paa la mabati, veranda pana, bustani ndefu, na vijia vilivyojipinda kufuata umbo la kilima. Walioijenga na kuiendesha reli kwa mikono yao walibaki bondeni, wengi wakikaa kwenye landi za Muthurwa, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kwa watu wasiohesabika.

Kati ya bangalo na landi ndipo baiskeli ilipopata kazi. Bwana alikuwa na riksho ya kukokotwa na mtu, baadaye akanunua gari. Baiskeli iliwaangukia tarishi aliyebeba barua kutoka ofisi za reli, mpishi aliyetumwa sokoni, fundi wa maji, na baadaye wahudumu wa hospitali. Mji ulihitaji jasho la watu hawa mchana, lakini haukupenda walale kilimani, isipokuwa labda kwenye kibanda cha watumishi nyuma ya nyumba. Miti ilikuwa mingi na magari machache, kwa hiyo kwa macho ya leo njia zao zingeitwa njia bora za baiskeli jijini. Sidhani kama yupo aliyezifurahia wakati akisukuma kikapu cha mboga mlimani kwa baiskeli isiyo na gia.

Baiskeli yenyewe Wakenya wanaijua hadi leo. Kwanza ilikuwa Raleigh ya Uingereza, kisha zikaja za India na China zilizobandikwa jina la Black Mamba. Ina fremu ya chuma kizito, breki za vyuma vinavyoshuka kutoka kwenye usukani, keria ya nyuma inayobeba gunia au mgonjwa, na gia moja tu. Uzito wake ni kilo 20 hivi kabla hujaipakia chochote. Ukiwa nayo chini ya mlima wa Haile Selassie una mambo mawili ya kuchagua: kusimama juu ya pedali na kuikanyaga kwa uzito wa mwili wote, au kushuka na kuisukuma. Wengi walishuka. Baiskeli haikosi pancha, kwa hiyo popote palipopita baiskeli nyingi palizaliwa fundi chini ya mti. Kazi yake haijabadilika. Huutoa mpira wa ndani, huujaza upepo, huuzungusha kwenye karai la maji mpaka vipovu vionyeshe tundu, huukausha, huusugua kwa msasa, hupaka gundi na kuipulizia kidogo, kisha hubandika kiraka kilichokatwa kutoka mpira mzee na kukigonga kwa nyundo. Ukiwa na haraka utamkera, kwa sababu gundi inataka muda wake.

Wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, Waafrika wa Nairobi waliposusia mabasi mwaka 1953, miguu na baiskeli ndivyo vilivyoushikilia mji. Baada ya Uhuru majina yalibadilika. Hospitali iliyoanza mwaka 1901 na vitanda 40, kisha ikaitwa King George VI mwaka 1952, ikachukua jina la Kenyatta. Bangalo za reli zikapata wapangaji wapya, watumishi wa serikali na wa shirika la reli, lakini barabara zikabaki vilevile, nyembamba na zenye kivuli. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya basi, na aliyekuwa akiota baiskeli akaanza kupanda matatu.

Kimya cha kilima kilivunjwa na ardhi kupanda bei. Katika miaka ya 1990 jiji lilifungua Upper Hill kwa ofisi, na katikati ya mji palikuwa pameshajaa. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye Ubalozi wa Marekani, pale chini Haile Selassie Avenue inapokutana na Moi Avenue, liliwapa wengi sababu nyingine ya kuhama. Bangalo zikaangushwa moja baada ya nyingine. Jumba la UAP Old Mutual lenye ghorofa 33 likainuka hadi mita 163, na mwaka 2017 Britam Tower ya Hospital Road ikafikia mita 200. Mwaka huohuo wa 2017 lilizinduliwa jengo jingine, The Pinnacle, lililotazamiwa kufika mita 300, likakwama. Vijia vya reli vilipanuliwa kwa ajili ya magari. Kilomita chache za lami zilizochorwa kwa ajili ya bangalo sasa zinabeba wafanyakazi wa mji mzima.

Wanaoendesha kwa kupenda wakasogea magharibi. Ukifuata Ngong Road ukapita Dagoretti Corner na kukata kuelekea Kikuyu, unafika Mai-a-Ihii, kijiji ambako mwendesha baiskeli David Kinjah alianzisha timu ya vijana ya Safari Simbaz. Huko ndiko alikopelekwa kijana mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, bingwa wa baadaye wa mashindano ya baiskeli, ajifunze kuendesha. Kutoka hapo njia hupanda kwenye mashamba ya chai ya Tigoni na Limuru, kisha hutumbukia Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 bado limesimama kando ya kona. Kona zile ziliwafaa sana vijana wa Kinjah kwa mazoezi, ingawa malori ya Naivasha hayana subira na baiskeli.

Watu husema Froome alijifunza milima Ulaya. Tupime kwa mita. Chamonix, mji wa bondeni unaotajwa kila milima ya Alps inapotajwa, uko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari. Anayekunywa chai na chapati pale Community yuko juu yake kwa zaidi ya mita 600. Limuru imepita mita 2,200. Tarehe 25 Mei 2018, katika mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia, Froome aliwaacha wenzake kwenye mlima wa Colle delle Finestre, ambao sehemu yake ya juu ni changarawe tupu, akaendesha peke yake kilomita 80 na kutwaa mashindano hayo. Kilele cha Finestre ni mita 2,178, chini kidogo ya Limuru. Barabara za changarawe za Kikuyu zilikuwa zimeshamfundisha kabla hajafika huko. Lakini hakuanza kwa utukufu: mwaka 2006, akiwa na jezi ya Kenya kwenye mashindano ya dunia ya Salzburg, Austria, aligonga msimamizi muda mfupi baada ya kuondoka na wote wawili wakaanguka.

Upper Hill yenyewe imebaki na ahadi. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikatenga kwa maandishi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na wenye baiskeli. Ngong Road ilipopanuliwa iliwekewa njia ya kando, na bodaboda wakaizoea haraka kuliko waendesha baiskeli. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, inayopita chini ya kilima tangu 2022, hairuhusu baiskeli kabisa. Mfanyakazi anayetoka Kibera kwa Black Mamba kuja kulinda lango la benki hana habari na sera yoyote. Anaondoka gizani kwa sababu zamu inaanza alfajiri, na kwa bahati hiyo tu hupata barabara tupu.

Ukitaka kuujaribu mlima, fika stesheni ya reli Jumapili saa kumi na mbili, uwe na taa nyuma na kiraka mfukoni. Panda Haile Selassie, zunguka Hospital Road, shuka kwa Valley Road. Usichelewe: ikifika saa tatu, magari ya waumini yamejaa Valley Road kutoka juu hadi chini.