Shugart, mvuvi aliyeingiza diski ngumu nyumbani

Desemba 12, 2026 itatimia miaka 20 tangu Alan Shugart afariki dunia huko California. Sitarajii shamrashamra. Fundi wa Kariakoo akifungua kompyuta iliyogoma atakuonyesha kiboksi cha chuma chenye kibandiko cha Seagate, atakwambia diski imekufa, kisha mtaanza kuvutana bei ya nyingine. Mtu aliyeanzisha kampuni hiyo hatajwi na yeyote.

Shugart alizaliwa Los Angeles mwaka 1930, na mwaka 1951, chuo kikuu kikiwa bado kinamnukia, akaajiriwa IBM. Mwaka 1956 kampuni hiyo ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza ya kibiashara kutumia diski ngumu. Ilikuwa na sahani 50 zilizopangwa katika mhimili mmoja, kila moja na upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5. Wateja waliikodi kwa dola 3,200 kwa mwezi. Shugart alikuwa miongoni mwa walioifanyia kazi mashine hiyo San Jose. Msomaji aiweke akilini hiyo milioni 5, maana tutairudia.

Mwaka 1969 alihamia kampuni ya Memorex, na wahandisi wapatao 200 wa IBM wakamfuata. Miaka minne baadaye akafungua kampuni yake, akaipa jina lake: Shugart Associates. Mwaka 1974 alikuwa nje. Wapo wanaosema alifukuzwa, wapo wanaosema alijiondoa mwenyewe. Lililo wazi ni kwamba alinunua mashua, akawa anavua samaki aina ya samoni, na pamoja na marafiki zake akamiliki baa Santa Cruz.

Naye akiwa baharini, jina lake lilibaki nchi kavu likifanya kazi. Mwaka 1976 Shugart Associates ilitoa flopi, yaani diski laini, ya inchi 5.25. Kabla ya hapo mwenye kompyuta nyumbani alihifadhi programu zake kwenye kaseti zilezile za muziki, akabonyeza kitufe na kusubiri mkanda uzunguke wee. Steve Wozniak wa Apple alichukua mtambo wa flopi hiyo, akaupunguzia vikorokoro na kuutumia kutengeneza Disk II, iliyoingia sokoni mwaka 1978. Wakati huo Xerox ilikuwa imeshainunua Shugart Associates, jina likiwemo.

Mwaka 1979 Finis Conner, mwenzake wa zamani, alimjia na wazo: watengeneze diski ngumu itakayoingia katika nafasi ileile ya flopi. Mvuvi akatia nanga. Wakaianza kampuni, nayo wakaiita Shugart Technology, na hapo ndipo penye kisa. Xerox tayari ilikuwa na kampuni ya diski iitwayo Shugart. Ya pili, hata kama mwenye jina ndiye aliyeketi mlangoni, ilinuka kesi mahakamani. Mtu aliyepewa jina hilo na wazazi wake akalazimika kulitoa kwenye kibao cha ofisi yake. Kampuni ikaitwa Seagate.

Kazi waliyojitwika ilikuwa ngumu. Kwenye flopi kichwa cha kusomea hugusa diski. Kwenye diski ngumu kichwa huelea juu ya sahani inayokimbia, kikibebwa na utando mwembamba wa hewa, na punje ya vumbi yatosha kuleta msiba. IBM ilikuwa imepata dawa mwaka 1973 kwa kufungia sahani na vichwa pamoja katika chombo kimoja. Mtindo huo ukapewa jina la utani Winchester, jina la bunduki. Seagate iliupunguza ukubwa mtindo huo, na mwaka 1980 ikatoa diski ya ST-506. Bei yake dola 1,500. Uwezo wake megabaiti 5.

Tano! Kiasi kilekile, kwa kukadiria, cha RAMAC, sasa kwenye chombo cha kubeba mkononi, na kikimeza flopi zipatazo 35 za Apple. Mwaka uliofuata Apple iliitia ST-506 ndani ya boksi, ikaiita ProFile na kuiuza dola 3,499. Mwaka 1983 IBM ikatoa PC XT yenye diski ya megabaiti 10. Nikisema nyumbani, nasema nyumba za Wamarekani wenye nafasi. Tanzania ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta tangu 1974.

Diski ngumu haikuwa peke yake: CD nayo ilikuja kwa njia yake. Philips na Sony walianza na muziki mwaka 1982, na mwaka 1985 kampuni ya Grolier ikatia ensaiklopidia yake nzima kwenye CD moja. CD ilibeba zaidi ya megabaiti 500 wakati diski ya megabaiti 20 ilikuwa bado ni fahari, lakini wewe mwenye nyumba hukuweza kuiandikia chochote. Kampuni ya Commodore iliisukuma kwa nguvu mwaka 1991 kwa CDTV, kompyuta iliyofanana na redio ya sebuleni, nayo ikadoda. Leo kompyuta nyingi za mapajani hazina hata tundu la kuingizia CD, na picha za harusi za watu wengi zimenaswa humo kabatini.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1996 alitaka mbwa wake, Ernest, agombee ubunge wa Congress, kwa hoja kwamba asingefanya vibaya kuliko waliokuwemo. Bodi ya Seagate ilimwondoa Shugart mwaka 1998. Mwaka 2000 alidhamini pendekezo California la kuweka kwenye karatasi ya kura nafasi ya "hakuna kati ya hao", wapiga kura wakalikataa. Kwetu nadhani lingepata wateja.

Xerox iliamua mwaka 1985 kuachana na Shugart Associates. Seagate bado inatengeneza diski.