Wazo la Video Huzaliwa na Kilichokosekana

Historia ya video za muziki husimuliwa mara nyingi kama historia ya fedha: kamera nzuri zaidi, jumba la kukodi, magari, wanenguaji. Lakini ukiifuatilia kwa makini unaona kwamba wazo, yaani lile jambo moja linaloibeba video tangu mwanzo hadi mwisho, halikuanzia huko. Lilianzia kwenye upungufu. Mei 1966 The Beatles, waliokuwa wakiitwa na vituo vingi vya televisheni kuliko walivyoweza kuvifikia, walipigwa picha na Michael Lindsay-Hogg kwenye bustani za Chiswick House, London, ili filamu isafiri badala yao. Mwaka 1975 Queen walikuwa na wimbo wa karibu dakika sita, wenye sauti zilizopandishwa studio tabaka juu ya tabaka. Kuuimba wote jukwaani, au hata kujifanya wanauimba kwenye kipindi cha televisheni, kungekuwa kichekesho. Bruce Gowers akapewa saa chache huko Elstree. Nyuso nne gizani, zenye mwanga kutoka juu, hakuzibuni mwenyewe: zilitokana na picha aliyoipiga Mick Rock kwa ajili ya jalada la albamu yao ya 1974. Kazi ya mwongozaji ilikuwa kuiokota picha iliyokuwepo na kuipachika pale ambapo waimbaji wa kweli wasingetosha.

MTV ilipoanza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, ilikuwa na saa 24 za kujaza na video chache mkononi. Lebo zikalazimika kuagiza, na kuagiza kukazaa utaratibu uliodumu hadi leo: wimbo unatumwa kwa waongozaji kadhaa, kila mmoja anausikiliza, kisha anaandika ukurasa mmoja au miwili na kuambatanisha picha za kuonyesha anachokiona kichwani. Mmoja hupewa kazi. Wengine kwa kawaida hawalipwi kitu, na sioni jina jingine la kuuita mtindo huo ila unyonyaji. Hata hivyo uliacha faida moja: wazo lilibidi lisimame lenyewe kwenye karatasi kabla ya shilingi kutoka. Jina la mwongozaji lilichelewa kuliko kazi yake. MTV ilianza kuliandika kwenye skrini mwaka 1992.

Atakayepinga atasema, kwa haki kabisa, kwamba uhaba umezaa pia maelfu ya video mbovu. Ni kweli. Uhaba humnyima mwongozaji njia rahisi, lakini haumpi njia nyingine. Hiyo huipata kwa kusikiliza. Na kusikiliza si kufuata mashairi mstari kwa mstari, kwamba likitajwa machozi basi machozi yaonekane. Wimbo wa Daft Punk ambao Michel Gondry aliutengenezea video mwaka 1997 una maneno matatu tu yanayorudiwa, kwa hiyo hakuwa na kisa cha kuigiza. Akaigawa ala: wanariadha wanaopanda na kushuka ngazi ni besi, mifupa inayocheza ni gitaa, maiti zilizofungwa sanda ni ngoma za mashine, maroboti ni sauti ya kuimba. Mtazamaji anaona jinsi wimbo ulivyojengwa. Mwaka 2002, kwa The Chemical Brothers, alirudia mbinu hiyo kwa dirisha la treni, ambako kila nguzo na kila jengo linapita sawasawa na mdundo wake. Kabla ya kuhariri alikuwa ameupanga wimbo kwa machungwa, uma, glasi na viatu.

Je, “Thriller” ya Desemba 1983, yenye takriban dakika 14 na bajeti iliyowashangaza watu wa wakati huo? Nayo haiivunji hoja. Michael Jackson aliona filamu ya John Landis kuhusu mtu anayegeuka mbwamwitu, akamtafuta; wazo lilitangulia fedha. Lebo yenyewe ilisita kulipa, kwa kuwa albamu ilikuwa imeshauzwa sana, na fedha zikapatikana kwa kuuza filamu ya jinsi video ilivyotengenezwa.

Pingamizi zito zaidi ni la soko, na Tanzania inalifahamu vizuri. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. MTV Base ilipoingia Afrika mwaka 2005, wasanii walijikuta wakipimwa kwa picha za Lagos na Johannesburg. Diamond Platnumz alipofanya “Number One” upya na Davido, video ikiongozwa na Clarence Peters, milango ya Afrika Magharibi ilifunguka. Wengi wakahitimisha kwamba bila anasa hupenyi. Walichanganya ubora wa picha na wazo. Ubora ni sharti la mlangoni, nao hununuliwa. Ila video nyingi zilizofuata, za majumba na mabwawa ya kuogelea, ukizizima sauti huwezi kuzitofautisha. Kinyume chake, Spike Jonze alimpigia Fatboy Slim video ya “Praise You” nje ya jumba la sinema Los Angeles, bila kibali, na kundi la wachezaji wanaojifanya hawajui kucheza. Inaelezwa kuwa iligharimu dola 800. Mwaka 1999 ilipata tuzo tatu za MTV, mojawapo ikiwa ya uongozaji bora.