Sinema za kwenye magari: zilizimwa na bei ya viwanja, corona ikaziwasha tena

Wikendi moja ya Juni 2020, filamu iliyoongoza kwa mapato Marekani ilikuwa Jurassic Park. Ndiyo, ile ile ya mwaka 1993. Corona ilikuwa imefunga kumbi nyingi, filamu mpya zimeahirishwa, na tiketi nyingi zilikuwa zinauzwa kwenye sinema za wazi, zile unazoingia na gari lako, unapaki na kutazama ukiwa ndani.

Ilianzaje?

Richard Hollingshead alifungua ya kwanza Juni 6, 1933, karibu na Camden, New Jersey. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu. Ujanja wake ulikuwa kwenye ardhi: alitengeneza matuta ili pua ya gari inyanyuke kidogo, wa nyuma asizibwe na wa mbele. Baadaye zikaja spika ndogo za kuning'iniza dirishani, kisha redio ya gari, unatafuta masafa ya FM tu.

Kufikia 1958 Marekani ilikuwa na sinema hizi zaidi ya 4,000. Wazazi wenye watoto wadogo walizipenda sana: mtoto akilia, hakuna wa kukugeukia. Leo zimebaki kama 300.

Nini kiliziua?

Wengi hutaja TV na kanda za video. Ni kweli, ila si yote. Sinema moja hula ekari kumi au zaidi, na nyingi zilijengwa pembeni ya miji wakati ardhi ni bei poa. Mji ukapanuka, ukazifikia. Duka kubwa linaingiza pesa kila siku. Sinema inasubiri giza, na kwenye majimbo ya baridi inafungwa msimu mzima. Halafu kuanzia 1967 majimbo mengi yakaanza kusogeza saa mbele kila kiangazi, giza likachelewa, watoto wakawa wanasinzia filamu haijaanza.

Pigo jingine lilikuja miaka ya 2010, studio zilipoachana na mikanda. Projekta ya kidijitali ilifika dola 70,000 na zaidi, pesa ambayo familia nyingi zinazoendesha sinema hizi hazikuwa nayo.

Huku kwetu nako zilikuwepo. Nairobi ilikuwa na Fox kwenye Thika Road na Belle-Vue kando ya Mombasa Road. Dar es Salaam, eneo la Drive-In pale Msasani sasa ni ubalozi wa Marekani.

Zitarudi?

Mwaka 2020 Walmart iligeuza maegesho 160 ya maduka yake kuwa sinema za muda. Kumbi zilipofunguliwa, nyingi za aina hiyo zikapotea. Lakini zilionyesha njia: skrini ya kujaza upepo, projekta, kirusha FM na maegesho ya kukodi kwa usiku mmoja. Huhitaji kumiliki kiwanja, na hapo ndipo penye matumaini zaidi.

Zile za kudumu bado zinaishi kwa kantini, maana sehemu kubwa ya pesa ya tiketi huenda studio. Bisi na soda ndiyo faida yenyewe. Ndiyo maana ukija na kuku wako kutoka nyumbani, baadhi watakuuzia kwanza kibali cha kuingia na chakula.