Paul Robeson: Mwana wa Mtumwa, Nyota wa Sinema

Mwaka 1934 kilichapishwa London kitabu kidogo cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Mwandishi wake, James Mbotela, alikuwa mwana wa Frere Town, hapa Kengeleni, Mombasa, ambapo leo matatu hushusha watu wanaokwenda soko la Kongowea. Baba yake alikuwa miongoni mwa mateka walionusurika na biashara ya watumwa. Wakati huohuo, katika jiji hilohilo la London, mwana mwingine wa mtumwa alikuwa darasani akijifunza Kiswahili. Alikuwa Mmarekani wa miaka 36, pande la mtu, mwenye sauti nzito iliyokuwa imekwisha kujaza kumbi za Ulaya. Huyo ni Paul Robeson, na nadhani watu wa Kisauni, eneo letu hili, wana haki ya kumhesabu kuwa jamaa yao.

Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini. Walioshushwa hapa walikuwa wameokolewa na manowari za Waingereza. Mzee William Drew Robeson, baba yake Paul, hakuokolewa na mtu. Mwaka 1860, akiwa na miaka 15, alitoroka shambani kwa bwana wake North Carolina, akashika njia ya kaskazini, akasoma, na hatimaye akawa mchungaji wa Presbyterian mjini Princeton, New Jersey. Paul, kitinda mimba wake, alizaliwa huko tarehe 9 Aprili 1898. Mama alifariki kwa kuungua moto mtoto akiwa hajatimiza miaka sita, na malezi yakabaki kwa baba aliyemzoeza kijana wake kusema mbele za watu, neno kwa neno, mpaka litamkike sawasawa. Anayeshangaa sauti ya Robeson ilitoka wapi aanzie kwa mzee huyo.

Chuo cha Rutgers kilimpa ufadhili mwaka 1915. Aliongoza darasa lake na akateuliwa mara mbili katika timu bora ya taifa ya kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1923 alipata shahada ya sheria Columbia, lakini katika ofisi ya mawakili alikoanza kazi karani mzungu alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi. Akaondoka, akaingia jukwaani. Sinema yake ya kwanza, Body and Soul ya 1925, iliongozwa na Oscar Micheaux, mtengenezaji filamu mweusi. Mwaka 1930 alicheza Othello London, na mwaka 1933 akawa mhusika mkuu wa filamu The Emperor Jones, nafasi ambayo Marekani ya siku zile haikuwa ikimpa mtu wa rangi yake.

Hapo ndipo alipokwenda School of Oriental Studies kusoma Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu. Mkewe Eslanda alikuwa akisoma elimu ya mila na desturi za watu London School of Economics kwa Profesa Malinowski, mwalimu yuleyule aliyemfundisha Jomo Kenyatta. Robeson aliandika waziwazi kwamba alitaka kuwa Mwafrika, na kwamba mtu mweusi wa Marekani atabaki akiiga wengine mpaka aijue asili yake.

Kwa moyo huo alikubali kucheza filamu ya Sanders of the River. Mwongozaji wake, Zoltan Korda, alikuwa amerudi kutoka Afrika na picha za ngoma na rekodi za nyimbo za kweli, na Robeson aliamini kwamba hatimaye ulimwengu ungeuona utamaduni wa Kiafrika ukiwa na heshima yake. Kijiji kilijengwa Uingereza, wanafunzi na mabaharia Waafrika wakakodiwa kujazia umati. Kenyatta, aliyehitaji fedha za kujikimu, alikuwa mmoja wao. Filamu ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa utenzi wa kuwasifu maafisa wa kikoloni. Bosambo, chifu aliyechezwa na Robeson, amekuwa mtumishi mwaminifu wa mkuu wa wilaya mzungu, na umati ule haukuwa na kazi ila kumtii. Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, alimlaumu hadharani, na hakukosea. Msanii asiyeshika mkasi wa mhariri hawezi kujua sura yake itatumiwa kusema nini.

Ukubwa wa Robeson nauona katika hatua iliyofuata. Aliikana filamu ile, na katika Song of Freedom ya 1936 akadai mkataba unaompa kauli ya mwisho juu ya nakala itakayoonyeshwa. Mwaka huo pia alicheza Show Boat huko Hollywood, filamu iliyoeneza wimbo wake maarufu kuliko zote. The Proud Valley ya 1940 ilimweka kati ya wachimba makaa wa Wales akiwa mtu mzima mwenye hadhi. Baada ya Tales of Manhattan ya 1942, iliyowarudisha tena weusi kwenye dhihaka, aliipa Hollywood kisogo. Alikuwa kileleni; mwaka uliofuata Othello wake New York alianza mfululizo wa maonyesho 296.

Kupitia Council on African Affairs, alilokuwa mwenyekiti wake, alichangisha msaada kwa Wakenya siku za hali ya hatari, Kenyatta akiwa kifungoni. Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kumnyang'anya Robeson pasipoti mwaka 1950, na hakuipata tena mpaka 1958. Kumbi zikafungwa, mapato yakakauka. Mwaka 1952 aliwaimbia Wakanada akiwa amesimama juu ya lori mpakani, upande wa Marekani.

Alirudi kwao kutoka Ulaya tarehe 22 Desemba 1963, afya imemwishia, siku 10 baada ya mtu wa umati wa Sanders kuipokea Kenya huru. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Siku historia ya Frere Town itakapoadhimishwa tena, ningependa Song of Freedom ionyeshwe uwanjani, jioni, bila kiingilio. Afrika yake ni ya kubuni na dosari zake ni nyingi. Lakini shujaa wake ni mpakuzi wa mizigo bandarini, mzao wa watumwa, anayetafuta ardhi ya wazee wake, na Kongowea nzima kuna watu ambao baba zao walipakua shehena katika bandari ya Kilindini.