Kanda, Kinasa na Kituo cha Kazi

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa njia ya historia, jinsi Kiswahili kilivyopata maneno ya kutajia kazi moja ndogo ya kiufundi, yaani kuunganisha mashine ya nje ya kanda na kompyuta ya zamani. Hapana shaka kazi hiyo hufanywa na watu wachache. Hata hivyo, haina budi kuelezeka. Picha za setilaiti ya Landsat, iliyorushwa tarehe 23 Julai 1972, ziligawiwa kwa miaka mingi zikiwa zimenaswa katika kanda za sumaku, na bonde la mto Simiyu pamoja na mashamba ya pamba ya Bariadi yamo miongoni mwa nchi zilizopigwa picha hizo. Mtu aliye na kanda ya namna hiyo, naye hajui kuiunganisha mashine ya kuisoma, hana picha. Ana dude la plastiki tu.

Tuanze na kanda yenyewe. Asili yake ni ukanda, yaani kipande kirefu cha ngozi cha kufungia au kujifunga, kitu kisicho kigeni kwa wafugaji wa Usukuma. Wingi wake ni kanda. Kaseti za muziki zilipoenea, watu waliuchukua wingi huo wakaufanya umoja, wakasema "kanda hii" na "kanda moja", bila kuuliza idhini ya mwanasarufi yeyote. Neno utepe nalo lilijaribiwa, lakini lilikwisha kuwa na kazi nyingine: utepe hukatwa na mgeni rasmi, na tepe hushonwa begani mwa askari. Kanda ikashinda, na kwa maoni yangu ilistahili.

Mashine ya kuchezea kanda hiyo ilipata bahati kama hiyo. Kinasa sauti ni istilahi njema, kwa kuwa aliyeiunda alikuwa na mashine mbele ya macho yake, akaona inafanya nini: inanasa, kama mtego unavyonasa ndege.

Kompyuta haikupata bahati hiyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, ICT 1500, iliwekwa Hazina mwaka 1965. Miaka miwili baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Ingetazamiwa kwamba mashine na msamiati wake vingekua pamoja. Lakini mwaka 1974, baada ya hasara za jaribio la kuweka hesabu za Serikali katika mashine, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Si kusudi langu kuipima siasa ile. Ninachotaka kionekane ni matokeo yake kwa lugha: kwa muda wa miaka kadhaa, watu wengi waliofikiria maneno ya kompyuta walikuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza mezani, na mashine haikuwepo. Wakawa wanatafsiri neno badala ya kukitaja kitu.

Ndipo tulipopata kiendeshi. Yafaa ikubaliwe kwamba neno hili si la uongo kabisa. Mashine za kanda za mwanzo, mathalani ile ya UNIVAC ya Marekani ya mwaka 1951 iliyotumia kanda ya chuma, kweli ziliiendesha kanda kwa nguvu za mota. Taabu ni kwamba neno hilohilo hutumika pia kwa programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia mashine fulani. Kwa hiyo maelekezo yanaposema "weka kiendeshi", msomaji hajui kama atafute waya au programu.

Niliipima taabu hiyo Bariadi, nilipowasomea makarani wa ofisi moja rasimu ya maelekezo. Sentensi ya kwanza iliagiza kiendeshi cha nje kiunganishwe na kituo cha kazi, maneno ambayo mfasiri aliyatumia kwa ile kompyuta yenye nguvu ya mhandisi au mchora ramani. Karani mmoja aliinua mkono. "Ndugu, kituo changu cha kazi ni hapa Bariadi, nimehamishiwa kutoka Maswa. Mashine nitaiunganishaje na Bariadi?" Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania, kituo cha kazi ni mahali alipopangiwa. Tangu siku hiyo ninaandika "kompyuta ya mhandisi", na mashine ya kanda ninaiita kinasa data.

Sehemu ngumu zaidi ni mwisho wa waya. Kompyuta hizo nyingi zilifuata kanuni ya uunganishaji ya Marekani iliyoidhinishwa mwaka 1986, ambayo mafundi huiita skazi. Mashine hufungwa mfululizo, moja ikishikana na nyingine, na kila moja hupewa namba yake kuanzia 0 hadi 7. Mbili zikipewa namba moja, hugongana. Hapa neno mnyororo halikuhitaji maelezo. Karani mwingine, mtoto wa mkulima wa pamba, alisema papo hapo kwamba ni kama mnyororo wa maksai, utokao nira ya mbele hadi nira ya nyuma, kisha kwenye plau. Maksai hawana namba, lakini mfano ule ulitusaidia.

Hata hivyo, mnyororo wa skazi haufai kuachwa wazi. Ishara ikifika mwisho wa waya usiofungwa, hurudi nyuma kama sauti iliyogonga jabali, ikachanganyikana na ishara zinazokuja, na data ikaharibika. Kwa hiyo ncha zote mbili hufungwa kifaa kidogo kinachoimeza ishara. Rasimu ilikiita kimalizi. Makarani walinong'onezana, kwani kumaliza mtu ni kumwua, na hakuna aliyetaka kuchomeka kimalizi katika mashine yenye kumbukumbu za ofisi. Kizibo kilipendekezwa, nacho kina kasoro, maana kizibo huzuia kitu kisitoke, na ishara iliyozuiwa ndiyo hiyo inayorudi. Ninapendekeza kizimamwangwi. Ni refu, lakini fundi akilisikia mara moja anajua kwa nini mnyororo wenye vinasa viwili huwekewa kifaa hicho kwenye kinasa cha mwisho, wala si katikati.

Kuhusu kuwasha, rasimu ilisema tu "washa vifaa". Haitoshi. Waya huchomekwa mashine zote zikiwa zimezimwa. Kisha kinasa huwashwa kwanza, na kompyuta baadaye, kwa sababu kompyuta inapoamka huita namba moja moja kusikiliza nani yupo. Makarani walilipa tendo hilo jina kabla sijafungua daftari langu: kuita majina, kama mwalimu afanyavyo asubuhi. Kinasa kilichochelewa kuwashwa huandikwa hayupo.