Sindano ya Mgongo

Namboboto ni mahali pa Wasamia, katika sehemu ya kusini ya Kaunti ya Busia, ambapo mpaka wa Uganda hauko mbali wala Ziwa Victoria haliko mbali. Mwanamke wa huko akishikwa na uchungu, na mtoto akashindwa kutoka kwa njia yake, hupelekwa hospitali. Na daktari akiona hapana budi apasuliwe, mara nyingi huambiwa kwamba atadungwa sindano mgongoni, ili mwili wake ufe ganzi kuanzia kifuani kwenda chini. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, sindano ikigusa uti wa mgongo, sitapooza? Je, kisu sitakisikia? Na baadaye je, mgongo hautaniuma mpaka uzeeni? Mama mkwe aliyemsindikiza naye ana lake la kusema, na yuko jirani aliyezaa hivyo mwaka juzi, ambaye tangu siku ile kila mgongo ukimuuma huilaumu sindano.

Wako watu waliosoma kidogo ambao husema kwamba maswali hayo ni ujinga. Mimi sikubaliani nao. Sindano ya mgongo ina historia yake, na katika historia hiyo utaona, msomaji, kwamba wagonjwa walikuwa na sababu za kuogopa, na kwamba majibu mema yalipatikana pale tu madaktari walipokubali kuulizwa, “Na baadaye?”

Tuanze hapa hapa petu. Mwaka 1901 ndugu wawili, Albert Cook na Jack Cook, waliokuwa madaktari wa misheni huko Mengo katika Buganda, walianza kuona wagonjwa wa namna ambayo hawakuizoea: watu waliokonda, wenye kusinzia mchana, ambao mwishowe walilala wasiamke. Yalikuwa malale. Ugonjwa ule ulienea Busoga na visiwa vya ziwa, ukafika Samia na pwani ya Kavirondo, kama nchi hii ilivyoitwa siku zile. Yakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Uganda kwa muda wa miaka michache tu. Mwaka 1902 ndio mwaka uo huo ambao Jimbo la Mashariki la Uganda lilitiwa katika nchi ambayo sasa ni Kenya, na Wasamia wakajikuta wengine huku na wengine kule. Lakini mbung'o hakujua mpaka.

Mwaka huo madaktari walitumwa kutoka Uingereza kuja kuchunguza malale, wakafanya kazi yao Entebbe. Mmoja wao, Mwitalia Aldo Castellani, aliwadunga wagonjwa sindano mgongoni akatoa maji yauzungukayo uti wa mgongo, na alipoyatazama kwa darubini akaona ndani yake vidudu vidogo vikichezacheza. Mwaka uliofuata alikuja David Bruce, ikathibitika kwamba vidudu vile, ambavyo huitwa tripanosoma, ndivyo viletavyo malale, na kwamba mbung'o ndiye avichukuaye kutoka mtu hata mtu. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, na vitabu vyasimulia habari zake kwa fahari.

Lakini sasa ondoka upande wa darubini, usimame upande wa pili, pamoja na ndugu wa mgonjwa. Wakati ule malale hayakuwa na dawa. Aliyekwisha kuingiwa na vidudu katika maji ya mgongo alikuwa mtu wa kufa. Basi ndugu aliona nini? Aliona mtu wake akiinamishwa, akichomwa mgongoni, akitolewa maji mwilini. Kisha, baada ya majuma au miezi, aliona mtu wake akizikwa. Daktari alijua kwamba kilichoua ni ugonjwa. Ndugu alijua alichokiona kwa macho yake, na hapakuwa na hata mmoja aliyechomwa akapona, ambaye angaliweza kusimama akasema, “Nitazameni mimi.” Mwalimu wa mantiki atasema kwamba hoja ya ndugu yule si sahihi, naye atasema kweli. Ila si hoja ya mpumbavu.

Hata dawa ilipopatikana, hofu haikukosa chakula. Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa na sifa duniani kote kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alipiga kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa wa malale kwa sindano za atoksili, dawa iliyotengenezwa kutokana na aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni wagonjwa walimiminika kwake. Kisha, kwa kuwa vidudu vilirudi katika damu, Koch alizidisha kipimo cha dawa. Sindano zikawa za kuumiza sana, watu wakashikwa na kizunguzungu na msokoto wa tumbo, wengi wakatoroka kambini, na zaidi ya 20 wakapofuka macho, nao hawakuona tena. Walitoroka kwa haki, nadhani. Wale waliokimbia walipima madhara kwa njia pekee waliyokuwa nayo, yaani kwa kuwatazama wenzao.

Baadaye zilikuja dawa zilizo bora. Mojawapo, melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliponya hata wale ambao malale yamekwisha kuwafika ubongoni. Lakini nayo ilikuwa na aseniki, iliunguza mshipa wa damu ilipopita, na katika kila wagonjwa 100 iliwaua kiasi cha 5. Kwa muda mrefu wagonjwa wa Busia na Teso walitibiwa Alupe, katika njia itokayo Busia kwenda Malaba, na ili daktari ajue kama ugonjwa umefika ubongoni ilimlazimu kwanza kutoa maji ya mgongo. Hivi karibuni imepatikana dawa ya kumeza, feksinidazoli, na mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena katika Kenya. Hivyo katika nchi ya Samia sindano ya malale imekuwa habari ya wazee. Iliyobaki ni ile ya ganzi, nayo hupita njia ile ile, ila yenyewe haitoi maji, bali hutia dawa.

Njia yenyewe ilifunguliwa katika mji wa Kiel, Ujerumani. Huko mwaka 1891 daktari Heinrich Quincke alionyesha jinsi ya kupitisha sindano kati ya mifupa ya kiuno na kuufikia mfuko wa maji ya mgongo bila kumdhuru mgonjwa. Miaka saba baadaye, katika mji huo huo, mpasuaji August Bier aliwaza hivi: kama maji yaweza kutolewa kwa njia hiyo, kwa nini dawa isitiwe? Siku zile upasuaji ulifanywa kwa nusukaputi, yaani mgonjwa alivutishwa mvuke wa kumlaza usingizi, na wengine hawakuamka katika usingizi ule. Mnamo Agosti 1898 Bier alitia kokeini kidogo katika mgongo wa kibarua mmoja mwenye ugonjwa wa kifundo cha mguu, akampasua, na yule mtu hakusikia maumivu. Lakini baadaye yeye na wengine kadhaa waliofuata walishikwa na maumivu ya kichwa, wakatapika.

Hapa Bier alifanya jambo ambalo kwangu mimi lapita uvumbuzi wenyewe. Alitaka kujua kwa mwili wake hayo waliyoyalalamikia wagonjwa. Akamwamuru msaidizi wake, Hildebrandt, amdunge yeye mwenyewe. Sindano iliingia, lakini bomba halikuikaa sawasawa, maji mengi ya mgongo yakamwagika, na dawa haikuingia. Ndipo wakabadilishana: Bier akamdunga Hildebrandt, na safari hii mambo yakaenda vyema. Ili kujua kama ganzi imeshika, Bier alimfinya, akamgusa kwa sigara yenye moto, akampiga goko kwa nyundo ya chuma. Hildebrandt hakusikia kitu. Jioni wakala pamoja, wakanywa mvinyo, wakavuta sigara, kama watu walioshinda vita.

Kesho yake mambo yakageuka. Hildebrandt alitapika na kichwa kikampasuka, na miguu, iliyopigwa nyundo pasipo maumivu, sasa ikamlipa yote kwa pamoja. Bier, ambaye hakupata hata tone la dawa, alilala kitandani siku nyingi. Akiketi, kichwa kilimuuma na kizunguzungu kikamshika. Akilala chali, maumivu yakatoweka. Naye alikuwa na akili ya kutambua maana yake. Kwa kuwa dawa haikumwingia, kosa halikuwa la dawa. Lazima lilikuwa la maji yaliyomwagika. Alikisia sawa. Sindano huacha tundu katika mfuko wa maji, maji huvuja, na mtu akiinuka kichwa humuuma. Tangu siku ile kazi ikawa kulipunguza tundu, na sindano za leo ni nyembamba mno, na nyingi zina ncha kama ya kalamu ya risasi, ambayo hupenya kwa kutanua nyuzi za mfuko badala ya kuzikata.

Swali la kupooza lilichelewa zaidi kujibiwa, na lilijibiwa baada ya msiba. Tarehe 13 Oktoba 1947, katika hospitali ya Chesterfield huko Uingereza, wanaume wawili, Albert Woolley na Cecil Roe, walidungwa sindano ya ganzi mgongoni siku moja, kwa upasuaji mdogo mdogo tu. Wote wawili walipooza miguu, wasipone. Kesi yao ilipokwisha kusikizwa mwaka 1953, na rufani mwaka 1954, mahakama ilikubali kwamba chupa za dawa zilikuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho, ambazo zilipitisha fenoli, dawa kali ya kuulia vijidudu, ambamo chupa zilikuwa zimelowekwa; na kwa kuwa mwaka 1947 hatari hiyo haikujulikana, wale watu wawili hawakulipwa kitu. Wataalamu wa baadaye walishuku tindikali iliyotumika kusafisha chombo cha kuchemshia sindano. Vyovyote ilivyokuwa, sindano ya mgongo iliachwa karibu kabisa katika Uingereza kwa miaka mingi. Basi mama wa Namboboto aulizaye, “Sitapooza?” auliza swali ambalo madaktari wa Uingereza nao waliliogopa.

Mwaka huo wa 1954 Wamarekani wawili, Robert Dripps na Leroy Vandam wa Philadelphia, walitangaza kazi waliyoifanya kwa uvumilivu mkubwa. Walikuwa wamewafuata wagonjwa waliodungwa, jumla ya sindano 10,098, hata baada ya kurudi makwao, wakiwauliza juu ya miguu, mgongo, haja ndogo na kichwa. Hawakukuta mtu hata mmoja aliyepata dhara kubwa la kudumu la neva kwa sababu ya sindano yenyewe. Tena mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi wa Uingereza uliohusu sindano za ganzi za mgongo zipatazo 700,000 kwa mwaka mmoja. Madhara ya kudumu yalikadiriwa kuwa kati ya 2 na 4 katika kila 100,000. Hesabu ya Uingereza si hesabu ya Busia, hilo ulikumbuke; lakini mwili wa binadamu ni mmoja, na usafi wa chombo ukizingatiwa, sababu ya kuwa hatari ni ndogo ni ile ile.

Sababu hiyo ni hii. Kwa mtu mzima uti wa mgongo haufiki chini mpaka mwisho wa mifupa. Hukomea karibu na mfupa wa kwanza au wa pili wa kiuno, na kutoka hapo hutelemka nyuzi nyingi za neva, zikielea majini kama mkia wa farasi. Sindano huingizwa chini ya mahali pale, na nyuzi zile, kwa kuwa zaelea, mara nyingi husogea kando. Kwanza ngozi hutiwa ganzi kidogo. Kisha mama huambiwa ainame kama paka aliyekasirika, asitikisike, kwa sababu mgongo ukipindwa nafasi kati ya mifupa hupanuka. Asikiapo mshtuko kama wa umeme mguuni, aseme mara moja, maana hiyo ni dalili kwamba sindano imegusa uzi, nayo yapasa kusogezwa.

Yafuatayo ndiyo yanayotokea baadaye. Miguu huwa mizito kwa saa chache. Damu hupungua nguvu ya kusukuma, ndiyo maana maji hutiwa mshipani. Wengine hutetemeka, wengine huwashwa ngozi au kutapika. Kisu hakiumi, ila mama husikia kuvutwa na kusukumwa tumboni, na asipoonywa mapema hudhani ganzi imemshinda. Maumivu ya kichwa yale ya Bier, kwa sindano nyembamba za sasa, humpata kiasi cha mtu mmoja katika 100, au pungufu. Mahali palipodungwa huuma siku chache.

Na mgongo wa yule jirani? Maumivu yake ni ya kweli, asiambiwe kwamba anajisingizia. Lakini wanawake waliozaa bila sindano yoyote nao huumwa migongo, na waliolinganishwa katika uchunguzi hawakuonekana kutofautiana kwa muda mrefu. Miezi tisa mgongo umechukua mzigo mbele, mishipi ya mifupa imelegea, kisha huja kumbeba mtoto, kuinama shambani na kuteka maji. Sindano ilikuwa ya dakika chache, lakini ndiyo inayokumbukwa, kwa sababu iliingia mahali ambapo mtu hawezi kupaona.

Mama akirudi nyumbani, na siku ya pili au ya tatu akaketi kumnyonyesha mtoto, kichwa kikamuuma vikali, na akilala kikapoa, asingoje kikiisha chenyewe. Arudi hospitali, aeleze kwamba alidungwa mgongoni, na aseme wazi kwamba huumia aketipo na hupoa alalapo. Kwa maneno hayo muuguzi atajua ni nini.