Uwenyeji wa uwanja katika mashindano ya mtoano

Uwenyeji wa uwanja ni hali ya timu moja kucheza mechi ya kuamua bingwa kwenye uwanja wake wa kila siku. Mkoa wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaujua vizuri. Huko Lubumbashi ndiko nyumbani kwa klabu ya soka ya TP Mazembe. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2010, Mazembe iliifunga Espérance ya Tunisia 5–0 Lubumbashi, kisha ikatoka sare 1–1 ugenini Radès. Mwaka 2015 iliishinda USM Alger ya Algeria 2–1 ugenini na 2–0 kwenye uwanja wake wa Kamalondo, juu ya nyasi bandia ambazo wageni wengi hawakuzizoea. Hata hivyo wapinzani hao hawakudhulumiwa, kwa kuwa nao walipata dakika 90 za kwao. Dhuluma huingia pale ambapo mwenyeji ni mmoja, mechi ni moja, na nafasi hiyo haikupatikana kwa matokeo ya uwanjani.

Shirikisho la Soka Afrika lilionyesha hivyo lilipoanza fainali ya mkondo mmoja mwaka 2020. Fainali ya 2022 iliwekwa Casablanca. Wydad, wenyeji wa mji huo, wakaingia fainali na kuishinda Al Ahly ya Misri 2–0, baada ya Wamisri kupeleka malalamiko hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo bila mafanikio. Mwaka uliofuata mikondo miwili ilirudi, timu zikawa zilezile, na Al Ahly ikatwaa kombe kwa 2–1 Cairo na 1–1 Casablanca. Fainali mbili hazitoshi kuthibitisha kanuni, lakini zinatosha kutia shaka.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Ivy League, yenye vyuo vinane, ilianzisha mashindano yake ya mwisho wa msimu mwaka 2017 katika ukumbi wa Palestra, Philadelphia, ambao ni nyumbani kwa Penn. Princeton ilifika huko ikiwa imeshinda mechi zote 14 za ligi, na bado ilihitaji muda wa nyongeza kuitoa Penn iliyopoteza 8. Kwa wanaume, wenyeji walishinda kombe 2018 (Penn), 2019 (Yale) na 2023 (Princeton). Mara zote tatu bingwa alikuwa amelingana kwa ushindi na timu iliyopangwa ya kwanza, na mara zote tatu aliishinda timu hiyohiyo kwenye fainali. Ubora ulikuwa sawa. Kilichotofautiana ni ukumbi.

Wapo wanaojibu kwa mfano wa Kigali, iliyopokea fainali za Basketball Africa League kuanzia 2021 hadi 2024 bila timu ya Rwanda kutwaa taji. Patriots, timu ya Rwanda, waliishia nafasi ya nne mwaka 2021. Ni kweli, ila mfano huo unathibitisha tu kwamba makofi hayazibi pengo kubwa la uwezo. Uwanja huamua pale mizani inaposimama sawa, yaani kwenye fainali nyingi. Wengine husema uwanja usio wa yeyote hubaki mtupu na kugharimu sana. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana ligi kadhaa ndogo za vyuo humpa uwenyeji aliyemaliza juu zaidi kwenye msimamo: ukumbi unajaa, na faida inakuwa ujira wa miezi ya kazi.

Utetezi wa Ivy League ni zamu: leo kwako, kesho kwangu. Zamu inafaa kwa klabu isiyozeeka. Mchezaji wa chuo ana misimu minne, na zamu ya vyuo vinane huchukua miaka minane. Wengi humaliza masomo kabla haijafika kwao.